Kinachomzuia Msafishaji Asiume

Hotuba hii ilitolewa katika mkutano wa wavuvi, wazamiaji na wanafunzi wa sekondari, pwani ya kusini ya Kenya. Imenyooshwa kidogo kwa ajili ya kusomwa, na maswali mawili matatu ya waliohudhuria yameachwa pale pale yalipoulizwa.

Mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi chetu cha usimamizi wa ufuo, wazee wangu, kina mama karanga mnaokaanga na kuuza samaki, vijana wa kuzamia, walimu na wanafunzi: Assalaam aleikum. Na ambao si wa salamu hiyo, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya samaki ambaye hapa hakuna amvuaye ili amle. Urefu wake ni wa kidole. Akizidi sana hufika sentimita 14. Mwembamba, mwili una weupe unaoelekea buluu, na mstari mweusi unaanzia mdomoni, unapita jichoni na kupanuka hadi mkiani. Wataalamu humwita Labroides dimidiatus. Nyinyi wazamiaji mnamjua: ndiye yule anayechezacheza juu ya jiwe lile lile, ukienda leo yupo, ukirudi mwezi ujao yupo. Leo tutamwita msafishaji, basi. Yupo kuanzia Bahari ya Shamu, pwani yetu yote hii, hadi visiwa vya Pasifiki.

Hadithi yake mmeisikia. Samaki wakubwa humwendea na kungoja zamu. Chewa hufungua mdomo, msafishaji huingia, huokota vimelea, hutoka salama kwa upande wa matamvua. Huyu kapona, yule kashiba. Waongoza watalii huieleza hivyo mashuani na wageni hufurahi sana. Wala si uongo. Tatizo ni kwamba hadithi hiyo imekatwa katikati. Kipande kilichobaki ni kwamba msafishaji, kama angeachiwa ale apendacho, asingekula vimelea. Angemla mteja wake.

Tufike huko polepole. Kwanza hivyo vimelea.

Kuna vidudu vinaitwa nathia, jamaa wa mbali wa kamba na kaa, vya milimita chache tu. Hujificha kwenye vifusi vya matumbawe, kisha huchomoka, hung'ang'ania samaki, hunyonya damu hadi kushiba na kurudi chini. Wanaonyonya ni wale wachanga. Wakishapevuka hawali tena. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Samaki hana nguo, ana magamba, na nathia hutafuta penye laini: mapezi, matamvua, kando ya jicho. Usiku ndio saa zao hasa.

Hapo nimkumbuke pono, maana sisi tumemsema kwa usingizi wake tangu enzi za mababu. Baadhi ya pono, kabla ya kulala, hutoa ute unaojaa na kuwazunguka mwili mzima mpaka wakawa ndani ya mfuko mwepesi, hata kwa tochi huuoni vizuri. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni hila ya kuficha harufu ili mkunga asiwanuse. Mwaka 2011 Alexandra Grutter wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na wenzake, walichapisha jaribio lao: waliwasukuma pono taratibu nje ya mifuko yao bila kuwaamsha (ndiyo, bila kuwaamsha, kwa hiyo msemo wetu haukukosea), kisha wakawaachia nathia. Kati ya waliovuliwa ute, asilimia 94 walishambuliwa. Kati ya walioachwa ndani ya ute, asilimia 10. Ule ute ni chandarua. Pono analala fofofo kwa sababu amejitundikia chandarua.

Sasa, samaki wengi hawana chandarua. Kukicha wana nathia mwilini, na wanajua pa kwenda.

Grutter huyo huyo alikuwa ameshawahesabu wadudu hao kwenye Kisiwa cha Lizard, katika Mwamba Mkuu wa Australia: msafishaji mmoja hula takriban 1,200 kwa siku, na karibu wote ni nathia. Kila siku hukagua samaki zaidi ya 2,000, maana mteja mmoja huweza kurudi mara nyingi kati ya asubuhi na magharibi. Mwaka 1999 alitoa jaribio jingine ambalo mimi hulipenda kwa kuwa mtu yeyote anaweza kulielewa. Aliwaweka samaki kwenye vizimba, vingine penye msafishaji, vingine mahali ambapo msafishaji ameondolewa. Baada ya saa 12 za mchana, wale wasio na msafishaji walikuwa na vimelea mara nne na nusu zaidi ya wenzao. Saa 12 tu. Kwa hiyo huduma ipo, si hadithi ya watalii.

Lakini mwaka 2003, Grutter pamoja na Redouan Bshary, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Neuchâtel kule Uswisi, waliwapa wasafishaji nafasi ya kuchagua. Huku ute wa pono, kule nathia. Walichagua ute. Ute wa samaki, ule utelezi unaowatia mama zetu taabu wakishika kisu, una lishe. Na kwa msafishaji ni mtamu kuliko mdudu. Kuupata lazima aume ngozi ya mteja aliyekuja kwake kwa nia ya kuponywa.

Mkitaka kumshika anayeiba, tazameni mteja. Changu ametulia, mapezi ameyatandaza, ghafla anashtuka mwili mzima. Hapo ameumwa. Mdudu kung'olewa hakumshtui vile. Ukikaa robo saa na barakoa yako juu ya kituo kimoja, yaani jiwe la msafishaji, huenda ukaona mara kadhaa.

Basi swali langu la leo ndilo hili: ikiwa anapenda ute, na mdomo anao, na mteja amejileta mwenyewe akatulia mbele yake, nini kinamzuia asiume kila mara?

*Mzee mmoja, kutoka nyuma: "Anaogopa kuliwa."*

Ahsante mzee wangu. Hiyo ni sehemu ya jibu, na ni ya kweli kwa chewa. Bshary alikaa miaka mingi akiwatazama samaki hawa ndani ya hifadhi ya Ras Mohammed, Misri, kwenye ncha ya Sinai, na alichokiona ni kwamba wateja walao samaki hawaumwi, au huumwa kwa nadra mno. Kwa chewa, msafishaji ana adabu ya ajabu. Lakini wateja wengi si chewa. Ni pono, kangaja, puju, mkundaji, na wale samaki wadogo wa kwenye matumbawe walao mwani au vijidudu vya majini. Hao hata wakikasirika hawana la kumfanya kwa meno. Basi kwa nini hao nao wanahudumiwa vizuri, si mara zote, lakini mara nyingi?

Bshary aliwagawa wateja makundi mawili. Kuna wakazi, samaki wadogo wenye mtaa wao mmoja, na ndani ya mtaa huo kuna kituo kimoja tu cha kusafishiwa. Hawana pengine pa kwenda. Na kuna wapita njia, samaki wenye eneo kubwa la kuzunguka, ambao katika matembezi yao ya siku hupita vituo viwili, vitatu au zaidi. Mpita njia akiumwa, au akingojeshwa sana, anaondoka. Na safari ijayo anakwenda kwa msafishaji mwingine. Mkazi hawezi. Mkazi akiumwa anamgeukia msafishaji na kumkimbiza, mbio kweli kweli, huku na huku, na baada ya kukimbizwa msafishaji humhudumia vizuri zaidi.

Tazameni matokeo yake. Wakifika wawili kwa pamoja, mkazi na mpita njia, nani huhudumiwa kwanza? Mpita njia. Msafishaji amejua kwamba mkazi atangoja tu. Wataalamu wameazima neno soko kueleza jambo hili, na sidhani kama wamekosea: mwenye pa kwenda ndiye anayeheshimiwa. Mama karanga aliyezungukwa na hoteli tatu, na yule ambaye hoteli iliyo karibu naye ni moja tu, hawaambiwi bei moja, na hilo mnalijua kuliko Bshary.

Tena kuna macho. Mwaka 2006 Bshary na Grutter walionyesha kwamba samaki wanaongoja pembeni hutazama. Wakiona msafishaji anamhudumia mwenzao vizuri, wanamsogelea huyo zaidi kuliko yule ambaye hawajaona utendaji wake. Na msafishaji naye anajua anatazamwa: mbele ya watazamaji hula kile asichokipenda, huacha kile akipendacho. Mnaelewa ninachosema? Samaki wa sentimita kumi, ubongo wake mdogo kuliko punje ya choroko, anatunza jina lake.

Msifikiri nazidisha. Kuna jaribio moja alilofanyiwa yeye na nyani wa aina kadhaa, likachapishwa mwaka 2012. Sahani mbili zenye chakula sawa. Moja ukianza na nyingine, inaondolewa. Ile nyingine inangoja. Mwenye akili huanza na ile itakayoondolewa, akala zote mbili. Wasafishaji wakubwa walijifunza haraka. Orangutani na tumbili wa Amerika Kusini walishindwa, na katika sokwe wanne wawili ndio waliofaulu. Hii haina maana kwamba msafishaji ana akili kuliko sokwe katika kila jambo. Ina maana kwamba hiyo hesabu moja, ya mteja anayengoja na mteja anayeondoka, ndiyo hesabu ya maisha yake. Huko Osaka, Japani, Masanori Kohda na wenzake wamekwenda mbali zaidi na kudai kwamba samaki huyu anajitambua kwenye kioo: walimtia alama kooni, akajiona, akaenda kujisugua mchangani. Hilo lilitoka mwaka 2019 na wataalamu bado wanabishana. Mimi naliacha kwao.

Kuna ulinzi mwingine, nao uko nyumbani kwake. Msafishaji dume mkubwa huishi na majike kadhaa, na mara nyingi dume na jike hufanya kazi pamoja juu ya mteja mmoja. Jike akiuma, mteja anaondoka na wote wawili wamepoteza. Dume anafanya nini? Anamkimbiza jike. Nichola Raihani, Grutter na Bshary walilithibitisha hilo mwaka 2010 kwa sahani za chakula badala ya mteja: jike aliyekula kamba, chakula alichokipenda, na kusababisha sahani kuondolewa, alikimbizwa na dume, na baadaye alijizuia zaidi.

*Hapa kina mama walinung'unika, na mmoja akauliza: "Na dume akiuma?"*

Mama yangu, hakuna wa kumkimbiza. Ila ngoja umalizie hadithi. Samaki hawa wote huanza maisha wakiwa majike. Mwaka 1972 Ross Robertson alichapisha uchunguzi wake wa Kisiwa cha Heron, Australia: dume akifa, jike mkubwa kuliko wote huanza kujibeba kidume ndani ya saa chache, na baada ya wiki mbili hadi tatu hivi ni dume kamili, mwenye mbegu. Kwa hiyo dume anapomkimbiza jike, anamkimbiza yule atakayemrithi. Pengine sababu mojawapo ya kumzuia asile sana ni hiyo, asije akanenepa akamfikia. Mtajua wenyewe mtakavyolitafsiri.

Na msafishaji aliyekosea hujuaje kurudisha mteja? Kwa kumpapasa. Hugeuka, akampapasa mgongoni kwa mapezi yake ya tumboni, bila kula chochote. Wateja hutulia. Marta Soares na wenzake, mwaka 2011, waliwaweka kangaja karibu na wasafishaji wa bandia: wengine wanaosogea na kuwagusa, wengine wamesimama tu. Kangaja waliopapaswa walikuwa na kortisoli pungufu damuni, yaani ile homoni ya wasiwasi. Mbele ya chewa mwenye njaa msafishaji hupapasa tangu mwanzo, kabla hata ya kosa. Ni rushwa? Ni pole? Nimelifikiria sana na sijapata neno moja linalotosha.

Kuna pia tapeli. Mnaozamia mwangalieni sana samaki wa jamii ya Aspidontus: rangi ni zile zile, mstari ule ule, hata mwendo wa kuchezacheza ameuiga. Lakini mtazameni mdomo; wake uko chini ya pua, si mbele. Mteja akitulia, anang'atwa kipande cha pezi. Ingawa, kwa haki yake, chakula chake kikubwa ni mayai ya samaki na minyoo, na mapezi ni ya kuongezea. Wateja wakongwe hawadanganyiki kirahisi. Wanaoumia ni wageni wa mwamba.

Na jambo hili haliko baharini peke yake. Huko Tsavo mmemwona askari wa kifaru, ndege anayepanda migongoni mwa nyati na vifaru. Anakula kupe, kweli. Lakini penye kidonda anakidonoa na kunywa damu, akakifanya kisipone upesi. Nyati hana pa kukimbilia ndege wote wakiwa wa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo lilibishaniwa kwa miaka arobaini. Je, mwamba unawahitaji wasafishaji, au ni pambo? Mmarekani mmoja, Conrad Limbaugh, aliyefariki akizamia pango huko Ufaransa mwaka 1960, aliandika makala iliyotoka mwaka uliofuata. Alisema aliwaondoa wasafishaji wote kwenye miamba miwili ya Bahamas, na ndani ya wiki mbili samaki wengi wakahama, waliobaki wakapata vidonda. Watu waliamini mara moja. Kisha watafiti wakajaribu tena kule Hawaii na hawakuona tofauti. Ikawa aibu kidogo. Kwa muda mtu akitaja usafi wa samaki, wenzake walimtazama kama mtu wa ngano.

Ilibidi mtu awe na subira. Grutter na wenzake walichukua miamba midogo kadhaa ya Lizard, wakawaondoa wasafishaji kwenye baadhi, wakawaacha kwenye mingine, na wakawa wanarudi mara kwa mara kuwaondoa wasafishaji wapya waliohamia. Baada ya miezi 18 wale samaki wapita njia, wenye hiari ya kuja au kutokuja, walikuwa wamepungua hadi robo kwenye miamba isiyo na msafishaji, na aina zao zimebaki nusu. Hawakuishia hapo. Waliendelea miaka minane na nusu. Matokeo yalitolewa mwaka 2011: sasa hata wakazi walikuwa pungufu kwa asilimia 37, na aina zao kwa asilimia 23. Samaki wa kule walikuwa wadogo zaidi pia. Na hapo aliyeondolewa ni samaki wa aina moja tu, mdogo kuliko chambo chenu.

Mtaona kwa nini wa Hawaii hawakuona kitu, na kwa nini zile wiki mbili za Limbaugh ni vigumu kuziamini. Madhara ya jambo hili hayaji kwa wiki. Huja kwa miaka, nani awe na muda wa kukaa akingoja?

Lakini lililonisukuma nije hapa ni lile lililotokea baadaye pale pale Lizard. Vimbunga viwili vilipiga, 2014 na 2015, na mwaka 2016 joto la bahari likayapausha matumbawe. Wasafishaji walipungua kwa asilimia 80. Zegni Triki, Bshary na wenzao wakawakamata waliobaki na kuwapa majaribio yale yale ya zamani: nani atahudumiwa kwanza, nani anatazama. Walishindwa. Samaki wa mahali pale pale, aina ile ile, sasa hawakuwapa wapita njia nafasi ya kwanza, wala kujizuia wakitazamwa.

Hawakupata ugonjwa wa ubongo. Hesabu ilibadilika. Wasafishaji wakiwa wachache, mpita njia hana tena vituo vitatu vya kuchagua. Amekuwa mkazi bila kupenda. Akiondoka, atakwenda wapi? Na nyuma yake kuna foleni. Kwa msafishaji, kumtunza mteja hakuna faida tena, wala kijana hapati tena mazoezi ya kujua nani wa kuogopwa. Hapo ndipo jibu la swali langu lilipo, mzee wangu. Hofu ya kuliwa inamlinda chewa. Wengine wote wanalindwa na kuwapo kwa msafishaji mwingine jiwe la pili.

Sasa tuzungumze ya kwetu, na naomba mnivumilie.

Biashara ya samaki wa mapambo katika pwani yetu ni ya miaka mingi, na msafishaji ni miongoni mwa samaki wanaokamatwa na kusafirishwa kwa wingi kutoka Kenya. Yuko kwenye orodha ya kila mnunuzi kwa sababu ya jina lake: mtu wa Ulaya au Marekani mwenye tanki sebuleni anadhani amenunua daktari. Lakini tanki halina nathia wa kumtosha. Wengi hukataa vyakula vingine, wanadhoofu na kufa. Nawaambia kama ninavyoona: katika samaki wote wa biashara hiyo, huyu ndiye ambaye thamani yake ikibaki mwambani ni kubwa kupita kiasi, na akifika huko ni ndogo kupita kiasi.

*Kijana mzamiaji: "Na sisi tule nini? Huyu ni rahisi kumpata, hakimbii."*

Hakimbii kwa sababu hajazoea kukimbizwa na mtu mkubwa. Samaki wakubwa humjia kwa heri. Na hilo ndilo linalomponza, kwa kuwa mzamiaji mmoja anaweza kumaliza vituo vyote vya mwamba mmoja kabla maji hayajajaa. Sikuja kuwaambia muache kuzamia. Najua nani analipa karo kwa kazi hiyo, na najua pia kwamba anayepata zaidi katika mnyororo huo si wewe. Ninachosema kina hesabu ndani yake. Ukiacha mwamba mmoja bila msafishaji hata mmoja, umewaumiza wakazi wa pale. Ukiacha kituo kimoja pale palipokuwa na vinne, umewanyima changu na pono hiari yao, na yule mmoja aliyebaki ataanza kuwauma. Kwa hiyo si kweli kwamba mradi umebaki mmoja, kazi inaendelea.

Na ukimchukua yule mkubwa wa kituo, umechukua dume. Jike atageuka, nimekwisha kusema, lakini itapita wiki mbili au zaidi bila mayai kurutubishwa, kisha na yeye mkubwa wa sasa akichukuliwa, wanarudi mwanzo tena. Mnunuzi anapenda wakubwa. Hapo pana ugomvi, na heri mgombane naye mapema.

*Mwanafunzi wa kike: "Hawawezi kufugwa ili wauzwe wa kufugwa?"*

Swali zuri, mwanangu. Wapo wasafishaji wengine, gobi wa neon wa Karibi, wamezalishwa kwenye matanki kwa miaka mingi, na mtu anayetaka msafishaji sebuleni anaweza kununua hao. Tena gobi wa Karibi hawana tamaa ya ute kama huyu wetu. Wao hupendelea vimelea. Wanorwe nao wamewaajiri samaki wasafishaji kwa makumi ya mamilioni ndani ya vizimba vya salmoni, ili wale chawa wa baharini. Chawa hupungua kiasi, lakini wasafishaji wenyewe hufa kwa wingi vizimbani, na huko sasa ni mjadala mkubwa. Kumtoa samaki huyu mahali pake na kumwajiri pengine si rahisi kama inavyosikika.

Ninayoomba ni machache, na sheria inawaruhusu. Kanuni za BMU zinawapa nyinyi nafasi ya kutunga sheria ndogo za eneo lenu. Kwanza, msafishaji atolewe kabisa kwenye orodha ya samaki wa kukamatwa katika miamba ya ndani, ile iliyo midogo na iliyojitenga, maana ndiyo inayofanana na ile ya Lizard. Pili, kwenye miamba mikubwa ya nje, mkikubaliana kukamata, kila kituo kiachwe na mkubwa wake na jike mmoja. Tatu, mwaka ambao maji yamepata joto na matumbawe yamepauka, asikamatwe popote. Wazee mnaukumbuka mwaka 1998, El Niño ilivyoyafanya matumbawe kuwa meupe kuanzia kwetu hadi Maldives na Seychelles. Miaka kama hiyo inarudi kwa haraka kuliko zamani, na ndipo wasafishaji wanapopungua wenyewe bila mtu kuwagusa.

Mtasema tuna hifadhi ya bahari ya Kisite, uvuvi umekatazwa, watabaki huko. Ni kweli watabaki huko, na ni vyema. Lakini Kisite ni sehemu moja, na changu anayetoka Kisite kuja kwenye nyavu zenu haombi kibali mpakani. Anahitaji vituo njia nzima.

Mwenyekiti amenionyesha saa, nami namalizia na kazi. Pale mezani kuna ramani ya miamba yetu, mmoja wa walimu ameichora kwa mkono, na ina makosa ambayo wazee watayarekebisha. Wazamiaji, kabla hamjatoka, kila mmoja atie alama ya msalaba pale anapojua pana kituo cha msafishaji leo, na duara pale palipokuwa na kituo zamani na sasa hakuna. Wino mwekundu kwa msalaba, wa buluu kwa duara. Wanaotaka kuuliza zaidi wanifuate pale mezani, nitakuwapo hadi adhana ya alasiri.